Mama Sukari Anaondoka, Jina Lake Halimo

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa maabara yetu ya seli anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kazini. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa upole. Nitajaribu, ila siahidi.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Akajifundisha hadubini kwa kuchungulia mabegani mwa wataalamu, mpaka wao ndio wakawa wanamwita aje aone. Mdomo wake hauna breki: aliyeingia bila glavu alitimuliwa, hata awe mkurugenzi.

Kazi iliyotutia wazimu ni ya kutenganisha seli kwa umeme. Seli za damu hupitishwa kwenye mfereji mwembamba kama unywele, ndani ya kipande cha kioo. Umeme wa pembeni huzivuta zenye saratani, nzima zikapita zake. Kwetu, kwa miezi kumi na minne, maji yalichemka, mapovu yakaziba mfereji, seli zikaiva. Lawama akatupiwa fundi, eti ana mikono mizito. Mikono mizito! Mtu anayetia uzi kwenye sindano bila miwani!

Ndiye aliyegundua kosa. Wasomi wazima tulikuwa tunaziweka seli kwenye maji ya chumvi, kwa mazoea tu, na chumvi hupitisha umeme mwingi mno. Akaziosha, akazitia kwenye maji ya sukari. Asubuhi ile seli zikagawanyika pande mbili, nasi tukapiga vigelegele kama tuko harusini. Tukambandika jina la Mama Sukari, lililomfanya mumewe aje getini kuuliza maswali.

Mkurugenzi akaandika makala, akapewa tuzo. Jina la Mama Sukari halimo. Kuna mstari mmoja tu unaoshukuru "wahudumu wa usafi." Usafi! Hasira ilinipanda na mpaka leo haijashuka. Mkurugenzi alijitetea kwamba fundi hakusomea. Haya, na yeye aliyesomea, mbona alipika seli mwaka mzima?

Siku makala ilipotoka, Mama Sukari aliosha beseni moja mara nne. Anachotaka ni kimoja tu: aone jina lake kwenye kazi yake kabla hajakabidhi funguo.

Basi ijulikane: sisi sita wa maabara tumeondoa majina yetu kwenye makala ya pili, iliyokuwa itoke mwezi huu. Hayarudi mpaka la kwake litangulie, na ile ya kwanza isahihishwe. Kamati ikifuta aya hii, itafute na watu wa kula keki.

Mama Sukari, asante kwa kutufundisha na kutugombeza. Nenda kaishi vizuri, ulale mpaka jua likuamshe. Ugomvi huu tuachie sisi.