Kornel Adolfu, Fundi Aliyesema "Sisi"

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa kijiji na wa chama, ndugu wafiwa, majirani, na nyote mliopambana na baridi hii mkaja kusimama nasi hapa Mpui, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Kornel Adolfu, yanasomwa na mdogo wake, Eustace Adolfu, kwa niaba ya familia, na familia inaomba radhi mapema, kwa kuwa karatasi hii ni ndefu kuliko mlizozoea, na ndani yake yamo mambo ambayo kwa kawaida msibani hunyamaziwa.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mpui tarehe 12 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa mzee Adolfu Ignasi na mama Kalista, na alikulia mikononi mwa babu yake, mzee Ignasi, mmoja wa wahunzi wa mwisho wa Ufipa waliokuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo, lile lisilohitaji mtu wa kuvukuta, linalojivutia upepo lenyewe kwa mirija iliyopangwa kulizunguka chini, na kazi ya kwanza ya Kornel duniani ilikuwa kuzibua mirija hiyo kwa kijiti. Babu alimfundisha pia adabu ya kusema, kwamba mhunzi hasemi "nimetengeneza", husema "tumetengeneza", hata kama alikuwa peke yake kutwa nzima, kwa sababu yupo aliyechimba mawe, yupo aliyechoma mkaa, na wapo waliotangulia kaburini na ujuzi wao, na anayesema "mimi" mbele ya tanuri, chuma humgomea. Kornel aliishika adabu hiyo maisha yake yote, nayo ndiyo iliyomponza.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni mwaka 1941 na kumaliza la nne mwaka 1944, hakuendelea kwa sababu baba yetu alifariki mwaka huo na mdogo wake alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo kusoma alijua, lakini karatasi ndefu ilimtoa jasho kuliko chuma cha moto, na jambo hilo tunaomba mliweke akilini.

Mwaka 1947 aliajiriwa katika karakana ya wamisionari mjini Sumbawanga, akajifunza kuchomelea vyuma na kufungua injini, na tarehe 3 Februari 1968, nchi nzima ilipoitwa kufanya kazi kwa pamoja, yeye na wenzake saba waliunda Ushirika wa Mafundi Nyundo Moja, wakatengeneza majembe, mikokoteni na milango, na wakamchagua Marselino kuwa katibu, kwa kuwa kati yao wote ni yeye tu aliyefika darasa la nane na aliyeweza kuandika barua ikajibiwa.

Tarehe 7 Julai 1956 marehemu alifunga ndoa takatifu na Cornelia, kwa pete aliyoifua mwenyewe kwa shaba, ikawa kubwa, bibi harusi akaizungushia uzi ili isidondoke, na uzi huo upo kidoleni mwake mpaka leo hii mnavyomwona. Msimamizi wa ndoa hiyo alikuwa Marselino, na ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa binti yao Bertilla mwaka 1959. Mungu aliwajalia watoto watatu, Adolfu, Bertilla, na Ignasi aliyetutoka kwa homa mwaka 1963, na siku ile ya Ignasi, Marselino alichimba kaburi pamoja na Kornel, hatulifichi hilo pia, maana huyu hakuwa mtu wa nje, na wahenga walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1973 lilitoka tangazo la mashindano ya gari la kasi, kwamba kikundi chochote cha mafundi wa ndani kitengeneze magari yasiyozidi matatu, na litakalovunja rekodi, ambayo wakati huo ilikuwa kilometa moja kwa sekunde ishirini na nne, lipelekwe Dar es Salaam likaonyeshwe kwa taifa zima. Kornel alilisikia redioni, akaweka nyundo chini. Katibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka, akasema mbele ya wote, "Kaka, watu wanalilia mikokoteni, wewe unataka kuwaundia risasi?" Marehemu alikwenda kununua injini ya gari lililopinduka mteremko wa kwenda Mtowisa, akaikokota na maksai siku tatu mpaka mjini.

Gari la kwanza liliungua mwaka 1974, la pili lilivunjika ekseli mwaka 1975, na la tatu, la mwisho kuruhusiwa, lilikamilika Juni 1976, jekundu kwa rangi iliyobaki baada ya kupakwa mlango wa kanisa, bodi yake mabati yaliyofuliwa mpaka yakawa mepesi, fupi hata mama wauza maharage walilisimamia kulitazama kwa juu kama sufuria. Lakini huku kwetu juu, kwenye hewa nyepesi, injini ilikosa pumzi, ikikohoa kila ilipokanyagwa mafuta, na wanachama wakaanza kusema basi tena. Kornel alitoka mjini kwa miguu, akaja hapa Mpui, akakaa siku nzima kwenye magofu ya tanuri la babu, na aliporudi alikata mirija kumi na miwili mifupi ya chuma, akaipanga kuuzunguka mdomo wa injini wa kuvutia hewa, kama ilivyolizunguka tanuri lile. Hakuna kitabu kilichomfundisha hilo, wala mwanachama aliyemshauri, na siku anaifunga mirija hiyo walikuwepo watu wawili tu karakana, yeye na mdogo wake Eustace aliyemshikia spana.

Jumamosi tarehe 14 Agosti 1976, gari lilishushwa kwa lori mpaka kwenye uwanda mkavu kati ya Kaoze na Mtowisa, kwenye joto ambalo sisi wa huku juu tunalistahimili kwa kulalamika, na mwalimu Andwele, mwenyeji wa Tukuyu aliyekuwa akifundisha Mtowisa, alishika saa ya michezo ya shule yake. Kornel aliendesha mwenyewe. Alikwenda kwa sekunde ishirini na moja, akageuza, akarudi kwa sekunde ishirini na moja, na bibi mmoja wa Kaoze akauliza, "Limepita, au tumesikia tu?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na marehemu alishuka akiwa amejaa vumbi kinywani, akalia. Ndiyo mara pekee familia hii ilimwona akilia hadharani.

Wiki mbili baadaye kamati ya mashindano ilifika karakana, na mjumbe akamuuliza, "Ndugu, nani amelitengeneza gari hili?" Kornel akakunja mikono kama alivyofundishwa, akasema, "Tumelitengeneza sisi." "Sisi nani?" "Sisi wa Nyundo Moja, na waliotutangulia." Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina la mbunifu, katibu ndiye aliyeijaza, kisha akaisogeza kwa marehemu na kumwambia, "Tia sahihi hapa chini, kaka, mambo ya ofisi haya." Naye akatia, bila kusoma, kwa kumwamini msimamizi wa ndoa yake. Mahali alipotia sahihi palikuwa pameandikwa Shahidi.

Tarehe 9 Desemba 1976 tulikusanyika karakana kusikiliza redio, mama Cornelia amepika ugali wa ulezi na kuku wawili, na mtangazaji akasema kwamba rekodi imevunjwa na gari la Sumbawanga, mbunifu wake ndugu Marselino. Hakuna aliyekula. Kornel aliinuka, akaenda kwenye fuawe, akachukua jembe lililokuwa halijakwisha, akalipiga mpaka likatoboka. Iliuma, ndugu zangu, na hatutasema kwa maneno ya kupamba, alisalitiwa na mtu aliyekuwa akimwita kaka, na kilichotumika kumsalitia ni adabu yake mwenyewe.

Mwalimu Andwele ndiye pekee aliyeandika barua kupinga, na Februari 1977 mjumbe alirudi, akawauliza wale wawili waliokuwepo siku mirija ilipofungwa. Kornel alijibu "sisi", kwa mara nyingine. Jibu la Eustace litasomwa mwishoni. Faili likafungwa, Marselino akapewa kuongoza karakana kubwa nje ya mkoa, gari likapakiwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam likiwa na kibati chenye jina la Marselino, na Nyundo Moja ikafa taratibu mpaka ilipofungwa mwaka 1979. Marehemu alirudi kijijini kulima mahindi na kufua majembe. Akiulizwa kuhusu gari, alisema, "Lilikuwa zuri."

Mwaka 1981 alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa akapata nafuu, Novemba mwaka jana akalazwa, na Dominika tarehe 19 Februari 1984, saa tatu asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Siku tatu kabla alimwambia mkewe, "Ningesema mimi mara moja tu, Cornelia, babu angenisamehe."

Jana ndugu Marselino amefika, yuko benchi la pili chini ya turubai, shikamoo zake tumezipokea, na ametuletea karatasi iliyopigwa chapa akiomba isomwe hapa, inayomtaja marehemu kuwa msaidizi wake mwaminifu. Asubuhi hii familia ilikaa, wazee wengine wakasema msibani hapafukuliwi mambo, tuisome yaishe, ndipo mjane akamwambia Eustace, "Shemeji, msimzike na uongo, atalalaje nao?" Karatasi hiyo haitasomwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi mitatu, majirani walioleta kuni, unga na maji bila kuombwa, wanajumuiya waliokesha kwa sala, mafundi wenzake wanne waliobaki ambao wameufua msalaba ule kwa mikono yao, na mwalimu Andwele, aliyetoka Mtowisa kwa miguu na baiskeli akiwa na saa ile ile mfukoni.

Limebaki jibu la Eustace. Siku moja kabla mjumbe hajarudi, katibu alimwambia, "Lori jipya la ushirika linataka dereva, na wewe leseni unayo." Kesho yake, alipoulizwa nani aliyebuni ile mirija, Eustace alisema, "Ni sisi sote, lakini katibu ndiye aliyetuongoza." Akaendesha lori lile miaka miwili, na kila alipopita nyumbani kwa kaka yake alipishwa kiti na kuwekewa chakula, wala hakuulizwa kitu.

Familia ilinituma nisome kwa kusema "sisi", na mpaka hapa nimesoma hivyo, lakini nyuma ya neno hilo nimejificha vya kutosha. Eustace huyo ni mimi. Mimi nilishika spana, mimi niliona, na mimi nilimuuza kaka yangu kwa usukani wa lori. Gari lile hatukulitengeneza sisi. Alilitengeneza yeye, Kornel Adolfu, wa Mpui.

Pumzika kwa amani, kaka. Nimesema.