Dada Yetu Profesa na Kosa la Glavu

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, fundi wa majokofu, mtu asiyezoea kusoma mbele za watu, lakini marehemu alinichagua mwenyewe akiwa kitandani, akisema kwamba sauti yangu ni mbaya ila siruki mistari, na alikuwa na sababu, kwa kuwa katika maisha yake ipo sehemu ambayo kikao cha familia cha jana kiliniomba niipite kimyakimya, na yeye aliniapisha niisome yote.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu baba yetu, karani wa stoo, na marehemu mama yetu, mshonaji wa sare za shule, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kubisha. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako walimwita Mbona, kwa sababu kila mwalimu alipomaliza kueleza yeye alinyoosha mkono na kuanza na neno hilo, nasi nyumbani tukalidaka, likamganda hadi uzeeni. Mwaka 1977 aliingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa kemikali, msichana peke yake katika darasa zima, na siku ya kwanza mwenzake mmoja alimwonyesha kwa heshima njia ya kwenda maktaba, akidhani amepotea, lakini dada akahitimu Novemba 1981 na kuajiriwa hapo hapo kuwa mhadhiri msaidizi.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, mchanganya rangi katika kiwanda cha rangi mkabala na stendi ya zamani, na maneno yalisemwa mengi, kwamba msomi ameolewa na makopo, lakini wenyewe walipendana na hawakuwa na muda wa kumjibu mtu. Walijaliwa binti tarehe 5 Agosti 1984 na mtoto wa kiume tarehe 22 Mei 1992, na katikati hapo, kuanzia 1986 hadi 1990, dada alikwenda ng'ambo kusomea uzamivu, shemeji akabaki na binti, akajifunza kumsuka mwenyewe, mtoto akawa anakwenda shule na alama za kijani na bluu kichwani.

Aliporudi alianzisha maabara ya kuiga mwenendo wa molekuli kwa kompyuta, katika chumba cha ghorofa ya chini kilichokuwa kinatunza viti vibovu, chenye dirisha moja na joto la tanuri, nikamfungia kiyoyozi nilichokikarabati mwenyewe, nacho kilinguruma hata wanafunzi wakawa wanafundishwa kwa kelele. Wengi wenu mlimuuliza kazi yake ni nini hasa, akawajibu kwamba anachungulia vitu visivyoonekana, mkacheka, kwa hiyo leo nieleze kama alivyonieleza mimi, kwamba alikuwa anaunda boksi ndani ya kompyuta, dogo kuliko chembe ya vumbi, anatia humo molekuli elfu chache, kisha anaiachia kompyuta ikokotoe zinavyosukumana na kuvutana, siku baada ya siku, hadi ajue kipi kinapenya wapi na kwa kasi gani. Kwa kazi hiyo alipanda hadi kuwa profesa kamili mwaka 2003, akafundisha wahandisi ambao leo wamejaa katika viwanda na vyuo, na wengi wao nawaona hapa.

Sasa nasoma ile sehemu.

Mwaka 1999 marehemu alichapisha utafiti kuhusu glavu za mpira, akiuliza kama kiyeyushi cha rangi, kile tunachokiita thina, ambacho kikiingia mwilini huharibu damu, kinaweza kupenya hadi kwenye ngozi, na jibu lake lilikuwa kwamba glavu moja inahimili zamu nzima. Hadi wakati huo wafanyakazi wa kiwanda cha rangi walikuwa wanabadilisha glavu saa ya chakula, lakini uongozi ulipoupata utafiti huo ulibandika ukurasa wa hitimisho kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, jina la dada yetu likiwa chini, na glavu za mchana zikafutwa. Shemeji alijisikia fahari, akawa anawaonyesha wageni ukurasa ule, na alikuwa akirudi na glavu zake nyumbani, anazianika kambani uani, zimelegea na kupanuka, dada akamtania kwamba mikono yake inanyauka, wakacheka wote wawili, na hivyo miaka ikapita.

Agosti 2008 mwanafunzi wake wa uzamivu, binti mpole kuliko wote waliopita katika maabara ile, alirudia hesabu hizo kwa ajili ya tasnifu yake, akaona kwamba mwalimu wake aliliamuru boksi libaki na ukubwa ule ule, lisitanuke hata kidogo, ilhali mpira ukinywa thina huvimba, na ukivimba hufungua nafasi, na thina hupita kwenye nafasi hizo. Ndani ya boksi lililobanwa mpira haukuwa na pa kuvimbia, ndiyo maana haukuvuja. Binti alikaa na jambo hilo kwa woga mkubwa, kisha akaingia ofisini na kulisema, na marehemu alinisimulia kwamba alitoka nje, akapanda basi hadi nyumbani, akaenda moja kwa moja uani kuzitazama zile glavu kambani.

Jioni ile alimweleza mumewe, na shemeji hakupiga kelele, akawa anakula na kulala bila kumsemesha, hadi siku alipofungua mdomo akamwambia aende getini kiwandani akawaeleze wafanyakazi yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye shemeji hana uso wa kuwaeleza. Alikwenda, akasimama getini wakati wa kubadilishana zamu, akapaza sauti, kwamba hesabu yangu ilikuwa mbovu, badilisheni glavu, wengine wakamzomea, wengine wakadhani amechanganyikiwa, mlinzi akamsogeza hadi upande wa pili wa barabara, naye akaendelea kutokea huko. Chuoni kamati ilimshauri atoe maelezo mafupi, heshima ya idara ibaki, akakataa katakata, akaufuta utafiti wote Februari 2009 na kuandika sababu kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa, na kabla mwaka haujaisha akavuliwa uongozi wa maabara aliyoianzisha. Kiwandani ukurasa ule ulibanduliwa Julai mwaka huo huo.

Shemeji alianza kuishiwa damu mwaka 2010, madaktari wakasema mifupa yake imeacha kuitengeneza, akafariki tarehe 3 Juni 2012, na kabla na baada yake wapo wenzake wa idara ya kuchanganya waliokwenda kwa njia hiyo hiyo, wajane wao tumeketi nao hapa. Kama shemeji alimsamehe mkewe, hakuna kati yetu aliyewahi kuwasikia wakilizungumza, ila najua dada alimwosha, alimlisha na kumbeba hadi pumzi ya mwisho.

Marehemu aliendelea kufundisha hadi alipostaafu mwaka 2017, na kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa ni lile boksi. Mwaka 2020 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hata pale aliwasumbua wauguzi kwa maswali kuhusu utando uliomo ndani ya mashine. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mimi na watoto wake tukiwa pembeni. Yapo maneno mtaani kwamba dada amekufa kwa majuto, nami naomba yaishie hapa, kwa sababu alikufa kwa figo, majuto aliishi nayo na hayakumzuia kwenda kazini.

Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliovumilia ubishi wake, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu bila kuombwa, na wahadhiri wenzake, wale waliosimama naye na wale waliokuja leo tu. Tunakishukuru kiwanda kwa shada la maua, lakini halitawekwa kaburini, hilo ni agizo lake. Tunamshukuru kipekee yule binti, sasa ni daktari wa falsafa, ambaye wengi mmemlaumu kwamba alimchimbia mwalimu wake kaburi, hata baadhi yetu tulimfungia mlango alipokuja kumwona mgonjwa, na nimemwona amesimama nyuma kabisa karibu na bomba la maji, marehemu alisema yeye ndiye aliyewazuia wengine wasife, kwa hiyo mpisheni, nawe mama, njoo usimame huku na watoto.

Kwa wajane na wafanyakazi wa kiwanda, marehemu hakunituma niwaombee msamaha, alisema huo ni mali yenu, mkiwa nao mtautoa, msipokuwa nao msijilazimishe kwa sababu ya jeneza.

Dada, nimeyasoma yote, sikuruka mstari. Haya, pumzika sasa, kwa amani.