Gari Linalomtii Baba Peke Yake

BABA: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Ni mimi, baba. Shikamoo.

BABA: Marahaba. Mmeshafika hospitali?

BINTI: Bado. Gari haliwaki.

BABA: Lilizima lenyewe?

BINTI: Nililizima mimi. Mama maumivu yalimzidi, hawezi tena kukaa. Nikasimama, nikamtoa kiti cha mbele nimlaze nyuma kwenye godoro. Kuwasha tena, wapi.

BABA: Hilo vani lina miaka ishirini na sita mikononi mwangu. Linanitii mimi peke yangu. Mama yako anasemaje?

BINTI: Hasemi. Anauma shuka. Baba, saa tatu imeshapita. Ikifika saa nne hatupo, anapasuliwa mwingine, sisi tunapangiwa mwezi ujao. Hatafika mwezi ujao huyu.

BABA: Tulia. Starta inazungusha?

BINTI: Inazungusha vizuri. Injini ndiyo haishiki.

BABA: Basi betri nzima. Inua kiti cha dereva, injini iko chini yake. Pampu ya dizeli unaiona? Ina waya mmoja juu—

BINTI: Mweusi?

BABA: Mwekundu. Umekuwa mweusi kwa mafuta. Zungusha ufunguo nusu, usipige starta. Sikiliza. Pampu lazima iseme tik.

[Mtandao unakwaruza.]

BINTI: Haisemi.

BABA: Rudia.

BINTI: Nimerudia mara tatu. Bubu kabisa.

BABA: Umeme haufiki. Hiyo ni ile swichi ya wezi.

BINTI: Swichi gani tena?

BABA: Nilifunga mwenyewe, nikaificha. Ikizimwa, hata mwizi awe na ufunguo, hapati kitu. Sikumwambia mtu. Siri ya watu wawili si siri.

BINTI: Haya, iko wapi?

BABA: Iko… [anakohoa] chini ya usukani.

BINTI: Nimepapasa kote. Haipo.

BABA: Basi nyuma ya redio.

BINTI: Redio uliitoa mwaka juzi, baba.

BABA: Nani kaitoa? Achana na swichi, tunairuka. Kwenye sanduku la spana kuna waya mrefu. Unaunga kutoka betri moja kwa moja—

BINTI: Sanduku halimo.

BABA: Haliwezi kukosa. Halijawahi kushuka kwenye hilo gari.

BINTI: Nimetazama mpaka chini ya godoro.

[Kwa mbali, spana zinagongana.]

BINTI: Baba? Unanisikia?

BABA: Liko hapa. Juu ya meza ya kulia.

BINTI: Si ulilishusha jana uli—

BABA: Sijui limefikaje. Nimesema sijui.

BINTI: Sawa, baba. Sawa. Hebu niambie, asubuhi ukitaka kuondoka unaanzaje?

BABA: Napanda, naweka ufunguo, linawaka. Sigusi kingine. Kila siku linawaka, nakuapia.

BINTI: Na mama anakuwa wapi?

BABA: Si hapo pembeni yangu. Tangu mwaka jana haniachi niende peke yangu hata sokoni. Namtania, namwambia nimekuwa waziri, nina mlinzi. Kwa nini?

BINTI: Ngoja. Mama ananyoosha kidole. Wapi, mama? Kiti chako?… Baba, anaonyesha chini ya kiti alichokuwa amekalia.

[Mlango wa gari unalia.]

BABA: Haloo?

BINTI: Nimeipata. Upande wa mlango wake, imezungushiwa utepe mweusi. Imezimwa. Naiwasha… Tik. Baba, imesema tik.

[Injini inanguruma.]

BABA: Nani aliizima?

BINTI: Yeye. Wakati namshusha mkono ulikwenda huko chini, nikadhani anatafuta kandambili.

BABA: Mazoea. Kumbe mwaka mzima mimi nazungusha ufunguo, anayewasha gari ni yeye.

BINTI: Baba—

BABA: Na hajawahi kunisema. Hata siku moja.

BINTI: Baba, naondoka, salio nalo linaisha. Ngoja, anataka kusema kitu… Mama anauliza, jiko umezima?

BABA: Jiko gani?

BINTI: La jikoni. Alikubandikia uji kabla hatujatoka.



BABA: Ngoja nikaangalie. Usikate.

BINTI: Baba, nenda haraka. Baba? Salio langu lina—

[Simu inakatika. Kiti kinaburutwa. Mtu anakohoa kwa mbali, muda mrefu.]

BABA: Haloo? Sufuria imeungua, lakini ukuta haujashika, moto nimeuzima. Umesikia? Usimwambie hivyo. Mwambie nilikuta limezimwa. Haloo? Mwambie nilishalizima zamani.