Barua Iliyo Kwenye Faili la Mzee Moto Mdogo

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, fundi mkuu wa maabara yetu anakabidhi funguo. Wakubwa wameniagiza niandike maneno ya kumuaga mimi, niliyeishia kidato cha pili, kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka sita. Pia naandika vizuri kuliko wao, ingawa hilo hawalisemi.

Kazi yake ilikuwa kupika chembe za sumaku, ndogo mno hata unywele mmoja kwazo ni barabara kuu. Chembe hizo hazipangwi kwa mkono. Zinajipanga zenyewe, kila moja kwa umbo lake. Za mviringo, ukizisogezea sumaku, hufuatana kama shanga kwenye uzi. Za pembe nne hulaliana ubavu kwa ubavu kama matofali. Siri ni moto: ukipanda taratibu unapata mviringo, ukiharakishwa chembe zinaota pembe. Ndiyo maana alisimama mbele ya jiko saa nne nzima, mikono mgongoni, akirudia, "Moto mdogo, vijana." Jina likamganda. Hata chai yake ya asubuhi ilichemka mchana.

Mwaka juzi kazi ya miezi mitatu iliharibika. Tulihitaji nyuzi, tukapata matofali matupu. Mkurugenzi aliapa kumfukuza aliyezidisha moto. Mzee akafungua daftari la jiko, akaandika jina lake mwenyewe. Kwa miaka yake mingi ya kazi hakufukuzwa; akapewa barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe. Aliisoma, akaikunja, akarudi kuosha chupa. Matofali yale hakuyamwaga. Aliyachunguza kwa darubini wiki nzima, na chati ya moto na maumbo iliyo ukutani, anayoitazama kila mtafiti mgeni, ni mwandiko wake.

Sasa niseme. Mchana ule kazi ilipoharibika, alitoka kwa saa moja tu kumpeleka mkewe kliniki, akaniachia jiko. Nilitaka kuwahi mpira, nikajiona fundi kuliko fundi, nikaongeza moto. Aliponikuta nimejificha stoo, alisema tu kwamba mimi nimebakiza miaka mingi ya kujifunza, yeye michache ya kukaripiwa.

Mkurugenzi, faili lake linafungwa Ijumaa. Naomba barua ile itolewe, iwekwe kwenye langu.

Mzee wetu, asante. Nenda ukapumzike na mama, na siku zako zote ziive kwa moto mdogo.