Mwanga wa Kuhesabiwa

Benchi letu liko mbele ya banda la kahawa la Clemensi, hapa Rhotia, na mimi nalijua vizuri kwa sababu msumari wake umenichania suruali mbili. Mwaka ule wa themanini na tatu sukari ilikuwa hadithi na mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni, ila ubishi haukuwahi kuadimika. Jioni moja kesi ilikuwa ya mtaalamu wa nyota, aliyefunga darubini yake kilimani juu ya kijiji. Usiku huo mwezi ungeifunika nyota aliyokuwa akiifuatilia, na mwenyekiti alikuwa ametangaza: tangu magharibi hadi alfajiri, Rhotia isiwashe taa hata moja. Msimamizi ni Qamara, mgambo wetu, na filimbi ilikuwa haijamtoka shingoni tangu asubuhi.

— Hata koroboi? akauliza Kisioki, aliyetoka Malambo na mbuzi wa mnadani.

— Hata kiberiti, Qamara akajibu. Mtu akiwasha sigara, napuliza.

Piusi tunamwita Betri, kwa kuwa huanika betri za redio yake juani zipate uhai. Ndiye aliyepanda kilimani kuchungulia, kwa hiyo tukampa nafasi ya katikati.

— Kidude chenyewe cha kukamata mwanga ni kidogo kuliko punje ya mtama, akasema. Ni ndugu yake transista ya redio yangu. Mtaalamu anasema mwanga haumwagiki kama maji, unakuja punje punje. Punje moja ikigonga mle ndani, inaporomosha umeme, kama jiwe moja linavyoangusha ukingo wa korongo. Mashine inasikia kishindo, inaandika moja.

— Inahesabu moja moja? nikauliza.

— Moja moja! Na nyota iko mbali, punje zake zinafika chache. Ukiwasha koroboi, umemwaga gunia la mahindi juu ya mtama wa watu.

Hapo nilimwamini. Aliyeharibu ni Bartolomeo, ambaye tunamwita Kamati. Amekaa kwenye kila kamati ya kijiji, na hakuna hata moja iliyomaliza kazi.

— Nyie hamuijui serikali. Kitu kikihesabiwa, kinatozwa. Walihesabu vichwa, ikaja kodi ya kichwa. Subirini, jua likichomoza mtadaiwa. Asiye na mwana aeleke jiwe!

— Hiyo methali imeingiaje hapa? nikamuuliza.

— Imepita mlangoni, kama wewe.

Kisioki akatikisa kichwa.

— Sisi ng'ombe hatuwahesabu. Jioni nasimama langoni, natazama rangi, najua nani hajarudi. Ukianza moja, mbili, tatu, unaita msiba. Na nyota nazo zitapungua.

— Zimeshaanza, Betri akasema. Juzi nimeona moja ikianguka.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Kamati akahitimisha.

Clemensi hakucheka. Karabai yake, pekee hapo senta, ilikuwa imeshushwa kwa amri ya Qamara na kusukumwa chini ya benchi.

— Ndugu zangu, Qamara akasema, mimi kodi siijui, ng'ombe siwajui. Najua mtaalamu ameniamini. Akikosa leo, kazi yake ya miaka imepotea. Jambo kubwa limekuja Rhotia mara moja tu, na nimekabidhiwa mimi.

Alisema hivyo huku ameshika filimbi, na mimi nilimwonea fahari.

Ndipo akatokea Mama Antonia, mkunga, anatembea haraka kuliko umri wake.

— Shikamoo mama, tukasema wote.

— Marahaba. Qamara, nimetoka kwako. Mkeo Cresensia ameshikwa na uchungu.

Qamara akasimama.

— Mbona mapema?

— Mtoto hajasikia tangazo la mwenyekiti. Nimekuja kuchukua vifaa vyangu nyumbani, nivuke tena korongo nirudi kwake. Jua hilo linazama, na jana nyati wameshuka msituni mpaka kwenye mahindi, mmewaona wenyewe. Sasa nakuuliza, baba, wewe mwenye filimbi: nivuke na nini? Na nikifika, mtoto nimpokee kwa kupapasa?

Sote tukamgeukia mgambo wetu.

Qamara akatazama kilimani, ambako hema la turubai la mtaalamu lilionekana bado. Nilimhurumia sana. Kisha akavua filimbi, akaiweka benchini, akainama na kuivuta karabai.

— Ina mafuta?

— Ya usiku mmoja, Clemensi akasema, akampa kiberiti.

— Na mtaalamu tumwambie nini? Kamati akauliza.

Qamara alikuwa ameshaanza kupampu.

— Mwambieni punje za nyota ni zake. Zitakazozidi ni za mwanangu.

Wakapitia vifaa vya mama, wakashuka korongoni, yeye mbele na mama nyuma, karabai ikivuma. Filimbi ilibaki pale benchini katikati yetu, na hakuna aliyeipuliza.