Wasifu wa Kasuku, Rubani Ambaye Hakunyamaza

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo wengi mlimjua kwa jina la Kasuku. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1979, kitinda mimba wa mwalimu na mshonaji. Dada yake anayewasomea haya ndiye aliyembeba mgongoni, na mtoto yule hakufunga mdomo ila akilala.

Alisoma shule iliyopakana na kiwanja cha ndege, akamaliza sekondari mwaka 1997, akapata leseni ya urubani mwaka 2004. Rubani akipewa agizo redioni hulirudia neno kwa neno, naye mazoea hayo aliyaleta hadi nyumbani. Siku ya ndoa yake, 9 Agosti 2008, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, alilirudia swali zima kwanza, ndipo akasema, "Nakubali." Tulicheka mpaka machozi.

Kwa miaka kumi na miwili alirusha ndege ndogo ya kampuni moja, akibeba dawa na abiria. Tangu Januari alikuwa akimwambia mkewe, "Mama watoto, redio ya ndege inakata. Nawaambia kazini, wananipiga chenga tu."

Marehemu hakuugua. Tunalisema kwa sauti kwa sababu kuna watu wameanza kunong'ona habari za presha. Alifariki tarehe 3 Machi 2021, ndege ilipogonga kilima ndani ya wingu. Mnara wa kuongozea ndege ulimwita ageuze, hakujibu. Meneja alikuja msibani kutoa pole, na hapohapo akatuomba tuandike humu kwamba marehemu alizima redio kwa hiari yake. Haraka ya nini, jamani? Meneja, karibu. Tumekuweka mbele usikie vizuri.

Mwongozaji ndege aliyekuwa zamu mnarani alimwambia mjane: "Shemeji, nilimwona kwenye skrini. Aliweka saba, sita, sifuri, sifuri kwenye transponda, kile chombo kinachotuonyesha ndege ilipo. Ni namba ya rubani ambaye redio imemfia. Anayejificha haiweki."

Tena, shemeji zake walipofika kwenye mabaki, mahali pa redio palikuwa na tundu tupu. Skrubu zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi. Ajali gani hiyo inayofungua skrubu?

Ameacha mama mzazi, mjane, dada, na binti mmoja ambaye shuleni anaulizwa kama baba yake alijiua.

Mungu ampumzishe kwa amani. Sisi hatupumziki, mpaka aliyeichukua redio ile airudishe.