Soketi za Uani za Mtaa wa Chini, Kabla Hoho Hazijaiva

Mgeni rasmi, Bi Meya Nevena Karadjova,

Ulipoingia uani tuliona jambo dogo. Ulipokea mkate na chumvi vya kukukaribisha, ukamega, na macho yako yakaenda ukutani kwenye soketi kabla hujatazama meza. Wageni wengi hutazama meza. Bibi Stoyna, mwenyekiti wetu, akaninong'oneza, "Huyu amekuja kwa kazi. Soma polepole, binti." Kwa hiyo nitasoma polepole.

KARIBU KWETU

Sisi ni wanawake wa Mtaa wa Chini, kijiji cha Dolno Brestovo, nyumba ishirini na tatu. Tunashukuru umekuja kabla ya mwezi wa tisa, maana ukifika mwezi huo hakuna hata mmoja wetu mwenye mikono mikavu ya kukusalimia.

TULIKOTOKA

Hoho zikishakuwa nyekundu, tunazichoma nje. Ndani haiwezekani, moshi wake hukaa kwenye mapazia mpaka Krismasi. Kila nyumba ina jiko lake la umeme la kuchomea hoho, na jiko hilo hukaa karibu na beseni. Tunaosha kwa mpira wa maji, tunamenya kwa mikono iliyolowa, tunasimama juu ya saruji iliyolowa. Umeme wote huo ulitoka kwenye soketi za ndani ambazo baba zetu walizifunga nje walipojenga nyumba wenyewe. Juu ya kila soketi tuliweka kopo la mtindi lililokatwa nusu, liwe paa lake. Tuliona tumefanya la maana.

Mzee Gancho wa nyumba ya mwisho bado anasema, "Miaka arobaini soketi yangu inanyeshewa na haijafa." Mkewe humjibu, "Haijafa kwa sababu inakungoja wewe."

Mwezi wa tisa mwaka jana, Shangazi Gergina, dada ya baba yangu, alirushwa na umeme akichoma hoho katika ua huu huu. Alilazwa wiki mbili. Yuko hapa mstari wa mbele, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Siku nne kabla ya hapo, Fundi Rumen, kijana wa mtaa wetu, alikuwa amemfungia soketi mpya, ya kwanza mtaani. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Ofisi yako nayo ikamzuia kufanya kazi katika mradi wa kubadilisha soketi.

TULICHOFANYA

Tuliuza rojo la hoho na nyanya kwenye gulio, ofisi yako ikaongezea, na nyumba tisa sasa zina soketi za nje zinazostahili kuitwa za nje. Zina kifuniko kinachojifunga chenyewe na mpira unaozuia maji. Zimepandishwa usawa wa kifua, waya umepita ndani ya bomba, na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, upo. Kwenye meinswichi kuna kifaa ambacho chenyewe hukata umeme unapovuja. Kina kitufe cha kujaribia, na tumeambiwa tukibonyeze mara moja kwa mwezi. Bibi Stoyna hukibonyeza kila Jumapili akitoka kanisani. Anasema, "Nimeshasali, sasa nihakikishe na huku."

YANAYOTUKWAZA

Fundi wa mjini alikuwa akija siku mbili kwa mwezi. Tangu mwezi wa sita yuko kwenye hoteli za pwani na hapokei simu. Nyumba kumi na nne zimebaki, na hoho zitakuwa tayari baada ya wiki tatu. Makopo ya mtindi yameanza kuoshwa tena, tumeyaona kwenye kamba za nguo.

Fundi Rumen ana cheti, lakini anapaka rangi uzio wa watu katika kijiji cha jirani. Tulipomwomba aje, hata atuelekeze tu, alisema, "Jamani, mtu akiungua tena atalaumiwa nani? Niacheni na brashi yangu, haijawahi kumrusha mtu."

TUNACHOOMBA

Tunaomba Fundi Rumen arudishiwe kibali, afunge soketi za nyumba hizo kumi na nne. Tunaomba mkaguzi wako akague kila moja kabla jiko halijachomekwa. Na majiko ya zamani yapimwe, maana tumejifunza kwamba soketi nzuri haiponyi jiko bovu.

Mungu akupe afya, Bi Meya, na nyumba yako iwe na mwanga usiomuumiza mtu.

Ni sisi, Wachoma Hoho wa Mtaa wa Chini, Dolno Brestovo.

Karatasi ya kikundi imeishia hapo. Yanayofuata wenzangu hawajayasikia, lakini bila hayo Bi Meya hana sababu ya kumrudishia Rumen kibali.

Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia shangazi. Soketi mpya ilikata umeme mara tatu, na kila mara nilikwenda kuuwasha. Sikujua kwamba ni jiko letu lililokuwa likivujisha, nilidhani soketi ina kasoro. Magunia mawili yalikuwa yamebaki na jua linashuka. Ilipokata tena, shangazi alikuwa amenipa mgongo, anaosha hoho. Nikachomeka jiko kwenye soketi ya zamani chini ya dirisha, ambayo waya wake haukupita kwenye kile kifaa cha kukata umeme. Haikukata, nikafurahi. Shangazi alipoligusa jiko na kuanguka, niliivuta plagi, ikaangukia karibu na soketi mpya, na watu walipokuja wakatazama hiyo. Rumen aliulizwa mbele yangu. Nilikuwa nimeshika taulo, na sikusema neno.

Shangazi, soketi ya Rumen ilikukinga kila ilipokata. Aliyekuondoa kwenye kinga hiyo ni mimi.